Mwenye Kitabu Husoma Mwisho

Inspekta alimaliza kusoma kile kitabu saa nne asubuhi, akakiweka mezani, akasubiri kujisikia vibaya. Watu watatu walikuwa wamemwonya. Mkuu wa kituo alisema mkewe alikisoma akashindwa kula. Daktari wa chumba cha maiti alisema hakimfai mtu anayeishi peke yake, akamtazama Inspekta kwa namna ambayo Inspekta hakuipenda. Mume wa marehemu ndiye aliyesema makubwa zaidi: kitabu hicho ndicho kilichomuua mke wangu. Basi Inspekta akakaa akijipima, kama mtu anayepapasa jino lililochomwa sindano ya ganzi. Hakukuta kitu. Alikuwa na njaa kidogo tu.

"Kizuri?" Koplo aliuliza. Alikuwa karibu kustaafu, na gazeti alilianza kila siku kwenye matangazo ya vifo, kuona nani kamtangulia.

"Kuna mume anayemjibia mkewe. Mtu akimwuliza mke hali, mume anajibu. Wakienda kwa daktari, mume ndiye anayeeleza panapouma. Miaka inapita, mke anasahau sauti yake ilivyo."

"Halafu?"

"Halafu anakufa."

"Anakufaje?"

Inspekta alilijua jibu. Lakini alipojiuliza amelijulia wapi, aliona kwamba si kitabuni.

Alivuta faili akasoma tena maelezo ya mume, fundi wa lifti, mwenye nyumba kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo lile lile analolihudumia. *Ijumaa asubuhi niliamka mke wangu hayupo. Kitabu kilikuwa wazi kitandani upande wake. Mimi si mtu wa vitabu, lakini nilisoma pale palipokuwa wazi. Mwanamke wa kitabuni anapanda juu ya paa, anavua viatu, anavipanga vikiwa vimeelekea ukutani, anatia saa yake ya mkononi ndani ya kiatu cha kushoto, kisha anajirusha. Nilitupa kitabu nikapanda mbio. Nikakuta viatu vyake.*

Viatu hivyo polisi walivikuta. Vilielekea ukutani, na saa ilikuwa ndani ya kiatu cha kushoto. Mwanamke mwenyewe alikuwa chini uani. Kazini wenzake walimwita Mwalimu, kwa kuwa aliwahi kufundisha na hakuacha kusahihisha watu.

Inspekta akarudi kitabuni. Kilikuwa kimekatwa kwa wembe kuanzia jalada hadi jalada, vipande vinne vyembamba, kila kimoja kimebandikwa tepu mgongoni. Mkuu wa kituo aliliandika jambo hilo kama dalili: mtu mwenye akili zake hakatakati kitabu. Inspekta alichukua kipande cha nne, akatafuta paa. Ukurasa wa 388 uliishia mwanamke anausukuma mlango wa paa kwa bega. Ukurasa uliofuata ulianza: *Asubuhi mume alichemsha chai ya mtu mmoja.*

Ukurasa huo uliofuata ulikuwa wa 391.

Alipitisha kucha kwenye mshono wa ndani. Karatasi moja ilikuwa imekatwa, kwa uangalifu, karibu kabisa na gundi. Naye alikuwa amepita hapo bila kushtuka, kwa sababu alisoma kitabu kama anavyosoma ripoti, na mtu aliyekufa ganzi hajikwai. Aliona aibu kidogo, ikapita.

"Koplo, mwanamke huyu anajirusha wapi?"

"Kitabuni si umesoma wewe?"

"Kitabuni hajirushi. Anafungua mlango, halafu ni asubuhi."

Koplo akakunja gazeti.

Mkuu wa kituo alikuwa amesema atatia saini jioni ile. Akishatia saini, mwili unatolewa, maziko ni kesho, na faili linaingia kabatini na neno moja juu yake: kujiua. Anayelitaka neno hilo alikuwa nje kwenye ukumbi, fundi wa lifti, kasimama wima na shati lililopigwa pasi. Asiyelitaka alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yake. Huyo alikuwa mama wa marehemu.

"Shikamoo, Mama," Inspekta alisema. "Umepata chochote asubuhi?"

"Amekunywa chai," fundi alijibu.

"Umelala angalau?"

"Hajalala vizuri. Miguu inamsumbua."

Mama alimwacha mkwewe amalize. Kisha akasema taratibu, "Nina swali moja tu, mwanangu. Nataka kujua kama aliondoka mwenyewe. Nikishajua, nitamzika."

"Mama amechanganyikiwa," fundi alisema.

Inspekta alisema atajibiwa kabla ya jioni, ingawa hakuwa na haki ya kuahidi. Kabla ya kutoka alipitia tena picha za nyumba. Chumba cha kulala kilikuwa kisafi. Ndani ya kabati magauni yalining'inia kwa mstari, na kila gauni lilikuwa na mikunjo ya mlalo, miwili kifuani na mmoja kiunoni, kama mashati mapya yanavyotoka dukani. Mkuu alipoonyeshwa alisema mtu mwenye majonzi hapigi pasi. Inspekta aliiweka picha hiyo mfukoni.

Kituo cha simu cha kampuni ya maji kilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye meza zilizotenganishwa kwa mbao, na sauti thelathini zikisema kwa upole ule ule kwamba mafundi wako njiani. Meza ya Mwalimu ilikuwa tupu. Upande wake wa kulia alikaa mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye ukumbi mzima ulimwita Shangazi. Upande wa kushoto alikaa msichana mwembamba. Huyo walimwita Kimya.

Shangazi alihojiwa kwanza, kwenye chumba cha chai, Koplo akiwa pembeni.

"Nani alikata kitabu?"

"Mimi. Wembe wangu." Shangazi hakuona cha kuficha. "Msimamizi akikuona na libuku mezani anakuandika. Kipande chembamba kinakaa chini ya kibodi. Simu ikikatika unasoma mistari miwili, ikiita unafunika. Tumesoma hivyo miaka, afande. Tunavipokezana. Mimi nikimaliza cha kwanza nampa Kimya, Kimya akimaliza anampa Mwalimu. Mpaka mwisho, halafu tunakishona."

"Mbona Mwalimu awe wa mwisho? Kitabu ni chake."

"Ndiyo maana. Mwenye kitabu husoma mwisho. Akitangulia, atakuja hapa kila siku, 'umefika wapi, umefika wapi,' tutasomaje? Na wa mbele hamsimulii wa nyuma. Ukisimulia, duru inayofuata unatolewa. Kuna mtu tulimtoa mwaka juzi mpaka leo hatusalimii."

"Wewe ulisoma ukurasa wa paa?"

"Niliusoma hapo hapo mezani, na mteja sikioni analalamikia bili. Viatu, saa, kila kitu. Nilimwomba arudie namba ya mita mara tatu." Shangazi akavua miwani. "Sikumwambia Mwalimu, afande. Najua mnachofikiri. Wallahi sikumwambia."

"Naye alimaliza?"

"Jumatano. Alinikuta hapa hapa kwenye chai, kachangamka. Nilikuwa sijamwona kachangamka muda mrefu. Akaniambia, Shangazi, nimependa alivyoishia. Nikashangaa, umependa nini? Akasema, 'Anavyopanda juu, anapitia paani, anashukia ngazi za upande wa pili, anaondoka zake. Mume anaamka anakuta chai ni ya mtu mmoja.'"

Inspekta alisimamisha kalamu. "Alisema kaondoka?"

"Kaondoka. Nikajua ananitania, Mwalimu alikuwa na utani wake mkavu. Nikanyamaza. Akasema, 'Mwandishi mwingine angemuua. Huyu kamwacha aende.'" Shangazi alipangusa miwani kwa ncha ya khanga, akapangusa tena ilipokwisha kuwa safi. "Ningemwambia, siyo mama, alikufa yule. Lakini sheria ni sheria. Na ningemwambia ya nini?"

"Mumewe unamjua?"

"Nani asiyemjua. Alikuwa anapiga namba ya huduma. Akisikia sauti ya mkewe anakata. Akisikia yangu anakata, anapiga tena, mpaka amwangukie yeye. Kisha alikuwa anakuja kumchukua saa ya kutoka, anasimama pale getini. Ukimsalimia Mwalimu, anakuitikia yeye."

Kimya aliingia na kukaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa na macho makavu, mekundu pembeni. Inspekta aliweka kipande cha nne mbele yake na kukifungua penye pengo.

"Karatasi hii iko wapi?"

"Sijui."

"Shangazi aliisoma. Mwalimu hakuikuta. Katikati yao ni wewe."

"Labda ilidondoka."

"Imekatwa kwa wembe."

Kimya alitazama mlango. Kutoka ukumbini zilisikika sauti zikiomba radhi kwa usumbufu. Inspekta hakumsukuma. Alikuwa tayari ameshamjengea nusu ya kesi kichwani: msichana anakata ukurasa, anaujua mwisho, anaongopa. Ilikuwa kesi nzuri, na kwa kuwa asubuhi yote hakuhisi chochote, ilimshika vizuri.

"Niliukata kwa ajili yake," Kimya alisema mwishowe. "Alikuwa hali chakula. Alikuwa akijibu simu kisha anakaa anaitazama, kama hajui kwamba aliyeongea ni yeye. Nikasema huyu akisoma haya ataumia. Nikakata. Ni kosa, najua. Kitabu cha mtu."

Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kampuni, na ndani yake karatasi moja. Ukurasa wa 389 na nyuma yake 390. Inspekta aliusoma pale pale. Viatu, ukuta, saa, kiatu cha kushoto. Uliandikwa vizuri. Akaurudisha kwenye bahasha.

"Mwalimu aliuona?"

"Haujatoka mkobani tangu niukate."

"Ulimweleza?"

"Hapana."

"Nani mwingine ulimweleza?"

Kimya aliingiza mikono katikati ya magoti.

"Shemeji," akasema. "Siku aliyokuja kumchukua, kabla sijampa Mwalimu kipande. Mwalimu alikuwa bado ndani anafunga kompyuta. Nikamwambia, shemeji, mwangalie sana dada, kitabu tunachosoma mwisho wake mbaya. Akaniuliza mbaya vipi. Nikamsimulia."

"Yote?"

"Yote. Alisikiliza vizuri sana. Mimi watu hawanisikilizi, afande, huwa nikianza kusema mtu anaangalia simu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza na swali."

"Swali gani?"

"Aliuliza ni kiatu cha kulia au cha kushoto."

Koplo, aliyekuwa ameegemea friji, akaacha kuegemea.

"Nikamwambia cha kushoto," Kimya alisema. "Nikafurahi. Nikaona, kumbe anamjali. Jioni hiyo nikiwa nyumbani bado moyo haukutulia, ndipo nikakata. Kesho yake nikampa Mwalimu kipande."

"Shemeji ulimwambia kwamba umekata?"

"Sikumwona tena."

"Na uliposikia jinsi alivyokufa?"

"Nilidhani Shangazi kamsimulia. Shangazi naye kadhani ni mimi. Tunakaa na kiti chake katikati, hatuangaliani." Alisema bila kulia, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja kwamba maji yatarudi jioni. "Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo. Nikifikiri, nafika kwenye lile swali."

Ndani ya gari Koplo aliendesha bila kuwasha redio.

"Kwa hiyo marehemu hakujua habari ya viatu," alisema.

"Hakujua. Kwake yeye mwanamke yule yu hai mpaka leo."

"Angeweza kusikia kwingine."

"Angeweza. Ndivyo wakili atakavyosema. Lakini mume hakusema kasikia. Amesema kasoma, Ijumaa, kitandani. Twende tumpe nafasi asome tena."

Fundi aliingia chumba cha mahojiano akavuta kiti, akakinyoosha kilingane na ukingo wa meza. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mafundi wengi. Inspekta alimpa pole, akamwambia yamebaki mambo madogo, ya kukamilisha tu.

"Ijumaa ulisoma mwenyewe ule ukurasa?"

"Kwa macho yangu."

"Hukusimuliwa na mtu kabla?"

"Nani anisimulie? Nimeshasema, mimi si mtu wa vitabu."

"Na kitabu ni hiki? Hakuna kingine nyumbani?"

"Ni hicho. Alikikatakata mwenyewe. Hata hilo lingenishtua, ningekuwa nimefikiri."

Inspekta alimsogezea kipande cha nne. "Nionyeshe pale uliposoma. Nataka kunakili mstari wa viatu, nisikosee."

Fundi alilowesha kidole akafunua. Alianza mwisho, akarudi nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta waya uliokatika na anajua upo. Akalipata neno paa. Kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka chini, kikavuka upande wa pili, kikakuta chai. Akarudi. Akavuka tena. Koplo alisikia karatasi tu.

"Ukurasa umetoka," fundi alisema.

"Umetoka lini?"

"Baada ya hapo. Nyie mmekishika, mmekibeba huku na huku."

Inspekta alitoa bahasha akalaza karatasi mezani, kiganja juu yake. "Huu hapa. Ulikatwa kabla mkeo hajakipokea kipande hiki. Haujaingia nyumbani kwako hata siku moja. Ijumaa ulisoma nini?"

Fundi alitazama bahasha yenye nembo ya kampuni ya maji.

"Yule msichana," akasema.

"Anasema ulimwuliza swali."

Fundi alikuwa amewajibia watu wengi, mkewe, mama mkwe, na getini akamwitikia kila aliyemsalimia mkewe. Sasa aliulizwa yeye, akanyoosha kiti ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. Inspekta aliweka picha ya kabati juu ya meza.

"Magauni haya yana mikunjo ya begi. Yalikunjwa yakafungwa, kisha mtu akayafungua akayatundika. Mtu asiyejua kwamba mkunjo hautoki kwa kutundika."

"Hakuwa hodari wa kunyoosha nguo."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Mke wangu alikuwa hana pa kwenda."

"Begi lilikuwa wapi ulipolikuta?"

Fundi alisema, bila hasira, kama mtu anayelalamikia huduma mbovu, "Hata kuniaga hakutaka kuniaga. Angetoka tu. Ningeamka nimkose."

Koplo aliandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Fundi aliomba maji, akaletewa, akanywa yote, na baada ya hapo hakusema neno mpaka alipopelekwa mahabusu.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama. Alisema ni mwanzo tu, ufunguo wa paa bado, majirani bado, wakili atawatoa jasho. Kisha akafunika kalamu yake akairudisha mfukoni. Mwili hautatolewa, na neno halitaandikwa.

Inspekta alimkuta mama pale pale kwenye benchi, na nafasi tupu pembeni yake palipokuwa na mkwewe. Akakaa hapo.

"Hakuondoka mwenyewe, Mama. Aliondolewa. Yeye alikuwa amefunga begi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Inspekta akamweleza habari ya kitabu: jinsi wenzake walivyojua mwisho mmoja na binti yake akajua mwingine, na jinsi alivyowaambia watu kwenye chai kwamba mwanamke yule kashuka ngazi za upande wa pili kaenda zake, na kwamba ameupenda mwisho huo.

"Siku hiyo alinipigia," mama alisema. "Jumatano. Akaniambia, mama, tandika kitanda cha chumba cha nyuma. Nikamwuliza, kuna mgeni? Akasema yupo. Nikamwuliza nani, akacheka tu. Nilikuwa sijamsikia akicheka miaka mingi, ila nikajua tu kwamba ni sauti yake."

Mtu alipita na ndoo. Wakainua miguu wote wawili, wakaishusha.

"Nilitandika shuka zile mpya," mama alisema. "Mpaka leo asubuhi natoka, ziko vile vile. Sasa, mwanangu, nizitoe?"

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka Inspekta, ghafla, na palipokuwa na ganzi pakauma sana.

"Ziache kwanza, Mama," akasema. "Ziache kwanza."